Ujasiri Unaomfaa Mwenye Boti

Katika fuo zetu za Homa Bay na Migori, kuanzia Kisegi hadi Muhuru, kuna imani isiyoulizwa: mvuvi hodari havai jaketi la kuokoa maisha. Jaketi ni la abiria, la mgeni wa kutoka Nairobi. Siku hizi imani hiyo imepata hata shahidi wa kwenye simu: Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda ukuta wa jabali la El Capitan bila kamba tarehe 3 Juni 2017. Mnaona, vijana husema, asiyeogopa hafi.

Wangeitazama filamu ya upandaji huo hadi mwisho. Ukuta ule una kimo cha mita 900 hivi, naye aliumaliza kwa saa 3 na dakika 56. Lakini kabla ya siku hiyo aliirudia njia ile ile mara nyingi akiwa na kamba, akakariri pa kushika na pa kukanyaga kwenye sehemu ngumu. Mwaka 2016 alianza kupanda bila kamba, moyo ukasita, akakatiza safari. Hakuna mwenye boti aliyemngoja kumdai pesa za mafuta.

Mvuvi wa omena hana nafasi hiyo. Jabali la leo ndilo la jana. Ziwa halina ahadi na mtu. Yeye huingia usiku usio na mbalamwezi ili taa zake zivute samaki, na usiku ndipo nchi kavu hupoa kuliko maji. Upepo hushuka kutoka kila upande wa nchi kavu, hukutana ziwani, hewa hupanda, na dhoruba huzaliwa huko huko waliko watu na nyavu zao. Wengi wao hawajui kuogelea. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Ziwa Victoria huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka.

"Nimelizoea," atakujibu. John Bachar naye alikuwa ameyazoea majabali. Alipanda bila kamba kwa miongo kadhaa, jina lake likiheshimiwa na kila mpandaji, kisha Julai 2009 akaanguka na kufa huko California, karibu na kwake.

Mimi sioni ujasiri hapa. Naona hesabu. Boti si ya mvuvi, nyavu si zake, injini si yake. Yeye hulipwa kwa fungu la mavuno. Injini ikifika ufuoni hufunguliwa, hubebwa begani, ikalala ndani ya nyumba chini ya ulinzi. Wavu ukichanika hushonwa siku hiyo hiyo. Anayezama huimbiwa sifa za ushujaa, na sifa hazina risiti. Mwenye boti ana kila sababu ya kuipenda imani hii.

Najua pingamizi: jaketi lina joto, linabana mikono wakati wa kuvuta wavu. Ni kweli kwa yale mazito ya abiria. Yapo mepesi yanayoacha mikono huru, na bei yake iwekwe kwenye gharama za boti pamoja na petroli, si kukatwa kwenye fungu la kibarua.

Kamati za usimamizi wa fuo (BMU) zinazijua boti zote za ufuo. Msimu wa omena unapofungwa kati ya Aprili na Julai, kamati hizo hizo huzuia boti kwa ajili ya samaki wachanga. Zizuie pia boti isiyo na majaketi ya kutosha.