Ukinyimwa, Dai Barua

Tuseme umeoa Mogadishu. Umerudi Litein, pesa ya bonasi ya majani chai imeisha kwa nauli na stakabadhi za kumtafutia mkeo kibali cha kuishi hapa, na siku unafika dirishani unaambiwa, "Imekataliwa." Kwa nini? "Mkubwa amekataa." Unarudi nyumbani, unasema ni kadari, unanyamaza.

Vijana, hapo ndipo tunapoumia. Jibu la mdomo ni gumu kulibeba mahakamani. Ibara ya 47 ya Katiba inasema kila mtu, haikusema kila raia, kwa hiyo hata mkeo mgeni yumo: uamuzi ukiathiri haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza ibara hiyo. Hiyo ni kali zaidi: ofisi ikiombwa sababu ikakosa kuzitoa, mahakama inachukulia kwamba haikuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishe kinyume. Yaani kimya chao kinakusaidia wewe! Lakini lazima uwe na nakala ya barua uliyoandika, yenye muhuri wa kupokelewa. Watu wetu wengi hawana hata hiyo.

Ukishaipata, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakuruhusu kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo. Kericho ipo, Bomet ipo. Kama kuna njia ya rufaa ndani ya ofisi, ianze hiyo, la sivyo jaji anaweza kukurudisha. Na jaji hagawi viza. Anaangalia walivyoamua, akikuta kasoro, mara nyingi anafuta na kuwaambia waamue upya.

Tusidanganyane pia kwamba ukishinda imeisha. Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando hapo chini kwa majirani zetu, alifukuzwa nchini mara mbili mwaka 2018. Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 7. Nyumbani alifika Oktoba 2022.

Viza ya Marekani ni habari nyingine, jaji wa Kericho haigusi. Huko kwao, Juni 2024, Mahakama ya Juu ilimwambia mwanamke raia wao kwamba hana haki ya kikatiba ya kudai mumewe mgeni aingizwe nchini.

Kwa hiyo wiki hii, kama una ombi lililokataliwa kwa mdomo, andika mistari miwili tu: nimekataliwa tarehe fulani, naomba sababu kwa maandishi. Peleka nakala mbili. Usiondoke dirishani kabla moja haijagongwa muhuri.