Mpe mtoto msumeno, wewe shika mizani

WAZAZI wengi wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu, hasa wale wanaoishi kwa kuvuka mpaka na wale waliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, wana tatizo linalofanana. Wanawapenda watoto wao lakini muda wa kukaa nao hawana. Baba anaondoka alfajiri ili awahi foleni ya forodhani, anarudi mtoto ameshalala. Mama naye yuko sokoni na mzigo wake wa nyanya au vitenge. Mwisho wa wiki dhamiri inawasuta, wananunua gari la plastiki la kuchezea, wanamkabidhi mtoto na kuhesabu kuwa deni limelipwa. Gari lenyewe linang'oka gurudumu kabla ya Jumapili ya pili.

Makala haya yanapendekeza kitu kingine ambacho gharama yake haizidi ya hilo gari la plastiki: kipande cha mbao, misumari minne, magurudumu manne na mteremko. Mzazi akae na mtoto wake watengeneze gari dogo lisilo na injini wala betri, linalokimbia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba linateremka. Kisha lishindanishwe na magari ya watoto wengine wa mtaani au shuleni. Lakini pendekezo hili lina sharti, na sharti hilo ndilo hoja yangu ya leo: gari liwe la mtoto kweli, lisiwe la baba lililoandikwa jina la mtoto.

Tuanze na historia. Mwaka 1933 huko Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mpigapicha wa gazeti aitwaye Myron Scott aliwaona vijana wakishindana kwa magari waliyojiundia wenyewe kwa mbao na makasha. Alivutiwa, akaandaa mashindano. Mwaka 1934 yakawa ya kitaifa kwa jina la Soap Box Derby, na mwaka 1935 yakahamia mji wa Akron. Hayo ni magari ambayo mtoto anapanda na kuteremka nayo. Mwaka 1953, huko Manhattan Beach, California, kiongozi mmoja wa skauti aitwaye Don Murphy alikuwa na mtoto ambaye umri wake ulikuwa bado mdogo mno kwa mashindano hayo. Akabuni magari madogo ya mbao yanayotoshea mkononi, ambayo yanashuka yenyewe kwenye njia ya mbao. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Pinewood Derby, yaani mashindano ya magari ya mbao za msonobari, na yakaenea katika vikundi vya skauti wadogo nchi nzima.

Kanuni zake ni rahisi. Kila mtoto hupewa kipande cha mbao kilicho sawa na cha mwenzake, misumari minne ya kushikia magurudumu, na magurudumu manne. Gari lisizidi urefu wa sentimita 18 hivi, upana wa sentimita 7, na uzito wa gramu 142 hivi. Kabla ya mashindano kila gari hupandishwa kwenye mizani. Likishapita, huwekwa kando, na mwenyewe haruhusiwi kuligusa hadi zamu yake ifike. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mzigo ukishapimwa na kupigwa lakiri, hakuna kuufungua njiani.

Sasa tuje kwenye ubaya. Mwaka 1973 mtoto wa miaka 14 alishinda fainali za Soap Box Derby kule Akron. Siku mbili baadaye alinyang'anywa ushindi. Iligundulika kuwa kwenye pua ya gari lake kulifichwa sumakuumeme. Kizuizi cha mahali pa kuanzia kilikuwa cha chuma, kwa hiyo kilipoangushwa ili magari yaondoke, sumaku ilivutwa nacho na gari likapata msukumo ambao wengine hawakuupata. Swichi ilikuwa nyuma ya kichwa cha mtoto. Na aliyemsaidia kufanya hila hiyo alikuwa mlezi wake mwenyewe, mtu wa ukoo wake.

Ndugu msomaji, lazima tujiulize: mtoto yule alifundishwa nini? Alifundishwa kuwa kanuni ni za wajinga, na kwamba mtu mzima anayekupenda ni yule anayekutafutia njia ya panya. Sisi tunaoishi mpakani tunaijua njia ya panya. Tunajua pia mwisho wake: mali kutaifishwa, faini, na aibu mbele ya watoto wetu.

Si lazima mzazi afiche sumaku ndipo aharibu. Yapo makosa madogo zaidi ambayo yanafanana nayo. Baba anachukua msumeno kwa sababu mtoto anachelewa. Anakata mwenyewe, anapiga msasa, anapaka rangi, na mtoto anabaki kushika tochi. Siku ya mashindano gari linang'aa, mtoto akiulizwa limetengenezwaje anamtazama baba yake. Hapo hata kombe likipatikana, ni la nani?

Kinachonifanya niuamini mchezo huu ni kwamba kazi yenyewe inatosha kumfundisha mtoto, mradi aachwe aifanye. Gari halina injini. Nguvu yake yote hutoka kwenye kimo chake pale juu. Baada ya hapo kila kitu ni kupunguza upotevu. Kwanza, uzito. Kitu kizito hakianguki upesi kuliko chepesi kwa sababu ya uzito wake tu. Lakini gari zito zaidi linapoteza sehemu ndogo ya nguvu yake kwa msuguano na upepo, ndiyo maana watoto hujitahidi kufikia kikomo cha mizani bila kukivuka. Uzito wa ziada ukiwekwa upande wa nyuma husaidia, kwani mwanzoni nyuma ya gari ndiyo iliyo juu zaidi kwenye mteremko, kwa hiyo uzito huo unashuka kimo kirefu zaidi kabla ya kufika tambarare. Ukizidishwa nyuma, pua inakuwa nyepesi na gari linaanza kuyumba. Mtoto atalijua hilo kwa kujaribu mara tano, si kwa kuambiwa.

Pili, misumari. Chini ya kichwa cha msumari huwa kuna kingo kali zilizoachwa na mashine. Zinaondolewa kwa tupa, kisha msumari unasuguliwa kwa msasa laini mpaka uteleze. Badala ya mafuta, ambayo hukusanya vumbi, hutumika unga mkavu wa grafaiti. Hiki ndicho kitu cheusi kilichomo ndani ya penseli, ingawa humo kimechanganywa na udongo. Tatu, unyoofu. Gari liwekwe juu ya ubao ulio sawa, lisukumwe taratibu kwa mita mbili. Likipinda kulia au kushoto, msumari mmoja umekaa upande. Gari linalopinda hujigonga ukingoni njia nzima, na kila kugonga ni mwendo unaopotea.

Hapa kwetu vifaa havikosekani. Fundi seremala yeyote ana vipande vya paini au saipresi anavyotupa au kuchoma. Vifuniko vya chupa za maji vinafaa kuwa magurudumu, na tundu la katikati atoboe mtu mzima. Uzito uwe nati na washa za chuma. Narudia, chuma, isiwe risasi ya betri chakavu, maana risasi ni sumu na humdhuru mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Njia ni mbao ndefu mbili au tatu zilizoungwa, zimepigiliwa upapi mwembamba katikati ili magurudumu yapite huku na huku. Mizani midogo ya dukani inatosha.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa Wazungu. Hapana. Nani kati ya wanaovuka Goma na Gisenyi asiyeijua chukudu? Ni chombo cha mbao tupu, magurudumu yake ya mbao yamevishwa mpira wa matairi chakavu, na kimeshusha viazi, kabichi na makaa kwenye mteremko wa kutoka Kibumba kuingia Goma tangu enzi za Mobutu. Watoto wa huko hujiundia chukudu ndogo. Kwingineko watoto huunda magari ya waya na makopo. Ujuzi tunao. Tulichokosa ni mtu mzima wa kukaa chini, kuweka kanuni, na kuuheshimu ujuzi huo.

Wengine watasema mtoto asome, mitihani iko karibu. Ni kweli asome. Lakini kupima gramu, kulinganisha sekunde, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati ili ujue kilicholeta tofauti, hiyo nayo ni hesabu na sayansi. Tofauti ni kwamba jibu halitolewi na mwalimu, linatolewa na mteremko.

Kwa ndugu zetu waliorejea, lipo jambo zaidi. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliwalea watoto na wajukuu Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, na watoto hao walisoma kwa Kiswahili. Familia zilipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, mtoto hodari wa Ulyankulu alijikuta katika darasa la Kirundi na Kifaransa, akaonekana mzito wa akili. Waliorejea Rwanda, Kongo na kwingineko wana visa vyao vinavyofanana na hicho. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mahali pa kuonyesha anachokiweza kabla ulimi haujazoea. Meza yenye mbao na msasa ni mahali pazuri. Mwenzake akiona gari lake limenyooka, atamwuliza amefanyaje, na hapo maneno ya lugha mpya yataanza kumjia.

Na mabinti wasiachwe nje. Kule Akron wasichana waliruhusiwa kushindana mwaka 1971, na mwaka 1975 msichana wa miaka 11 akawa bingwa. Binti anayemsaidia mama yake kupima unga sokoni hawezi kushindwa kupima uzito wa gari.

Nashauri basi viongozi wa skauti, kamati za wazazi na walimu wajaribu katika likizo ijayo. Mbao zitoke mahali pamoja na zigawiwe sawa kwa wote, ili mwenye fedha asinunue ushindi. Kila gari lipite katika kila njia mara moja, kwa kuwa njia hazilingani, kisha matokeo yajumlishwe. Zawadi isiwe fedha. Na kabla gari halijapanda mteremkoni, mtoto asimame mwenyewe mbele ya waamuzi aeleze alikata wapi, uzito ameuweka wapi na kwa nini. Akishindwa kueleza, gari lirudi nyumbani likaundwe upya na mwenyewe.

Kwa mzazi, kazi inayobaki si ndogo. Shika ubao usiteleze wakati mtoto anakata. Toboa kwa keekee pale ambapo mkono wake haujaweza. Soma mizani pamoja naye, na ikizidi hata gramu mbili usimwambie kuwa hakuna atakayeona. Mwambie apunguze. Gari lake likishika mkia, usimtafutie mchawi, mwulize atabadilisha nini wiki ijayo.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Watoto hawa ndio watakaopanga foleni forodhani kesho, wengine upande wa mwenye mzigo na wengine upande wa mwenye mizani. Saa mbili za Jumapili zinatosha kuanza.