Machozi ya Mkunazini, Nauli ya Mzenga

Washairi wa visiwani tunalililia soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, twafanya vyema. Lakini mnunuzi wa leo hahitaji soko. Hufika kijiji kama Mzenga, Kisarawe, nauli ya binti mkononi na ahadi ya shule mdomoni. Kisha binti hufungiwa jikoni mjini, mshahara haujui. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu iliunda mfuko wa kuwasaidia wahanga. Mfuko usiofika kijijini ni mtungi uliotoboka. Fedha zishushwe kwenye kata: mwenyekiti wa kitongoji aandike nani kamchukua mtoto na anampeleka wapi, aliyetoroka apate hifadhi, nauli ya kurudi na cherehani. La sivyo, machozi yetu ni vina tu.