Nani Amekula Mafuta: Dereva au Gari?

Katika makambi yetu na katika vituo vya polisi kuna shutuma moja itolewayo kwa wepesi mno. Gari likimaliza mafuta kabla ya siku zake, husemwa papo hapo kwamba dereva ameyala. Huenda kweli ameyala. Lakini gari nalo lina kinywa chake, hasa gari kuukuu lililobadilishwa viungo mara kadhaa hata halifanani tena na lile lililotoka kiwandani. Mimi nashikilia kwamba hapana askari anayestahili kufikishwa mbele ya afande wake kwa wizi wa mafuta kabla gari lenyewe halijapimwa.

Tuchukue mfano wa Toyota Prado ya mwaka 1998 yenye tairi za kipimo cha 265/70 R16. Tairi hiyo ikizunguka mara moja, gari husogea mita 2.44. Tuseme kikosi kimeamua, kwa sababu njema kabisa za matope na mashimo, kulifunga tairi kubwa zaidi za 285/75 R16, ambazo kwa mzunguko mmoja husogea mita 2.62. Mita ya kilomita iliyo mbele ya dereva haina habari za badiliko hilo. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko, nayo hudhani kila mzunguko ni ule ule wa zamani. Kwa hiyo inapoandika kilomita 100, gari kwa hakika limekwenda 107.

Sasa tuone jambo hili linavyomfikia binadamu. Mwisho wa mwezi mita imeandika kilomita 3,000, na gari linajulikana kutumia lita 14 kwa kila kilomita 100. Karani wa usafirishaji anapiga hesabu yake na kupata lita 420. Lakini gari lilikwenda karibu kilomita 3,220, na mwendo huo ulihitaji lita 450. Zimepungua lita 30, yaani jerikeni moja na nusu, na hapana mtu aliyeiba hata tone. Askari mwenye mke na watoto, aliyetumikia miaka 12 bila doa, ataulizwa jerikeni hizo amemwuzia nani. Atajibu nini? Hata akiapa, kitabu cha safari kinamshuhudia vibaya, na kitabu hicho amekiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo nimezungumzia mita peke yake. Tairi kubwa huwa pia nzito, na injini hutoa jasho zaidi kila inapoanza kuliondoa gari. Ongeza vyuma vya kinga mbele, kerio juu ya paa, magurudumu mawili ya akiba na masanduku ambayo hakuna akumbukaye yalipakiwa lini. Upepo unaolipinga gari hukua upesi kuliko mwendo wenyewe, na ndiyo sababu kerio tupu lisilo na mzigo wowote huendelea kudai mafuta katika barabara kuu.

Liko jambo jingine ambalo ni la kazi yetu hasa kuliko la raia. Gari la doria au la msafara husimama muda mrefu huku injini ikiunguruma, ama kwa sababu ya redio ya mawasiliano, ama kwa sababu mkubwa aliye ndani anapenda ubaridi. Injini ya dizeli ya lita tatu, kipoza hewa kikiwa kimewashwa, huweza kutumia karibu lita moja kwa saa. Msafara ukingoja saa sita nje ya ukumbi wa mkutano, mafuta hayo yamekwenda na mita haikusogea. Kitabu kina nafasi ya kilomita, lakini nafasi ya saa za kungoja ni nadra kuiona.

Kuhusu mafundi wetu, nitasema neno ambalo pengine halitawapendeza wote. Gari likichemsha, wengi huing'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi ya joto haina haja nayo. Kifaa hicho hukaa kimefungwa mpaka maji yafikie joto la nyuzi 80 hivi, ili injini ipate moto upesi na kubaki katika joto lake la kazi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, na zile za petroli zinazoongozwa na kompyuta huendelea kumiminiwa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza zimeamka. Mara nyingi ugonjwa wenyewe, labda radieta iliyoziba, umeachwa pale pale.

Hata milima ina sehemu yake. Gari kuukuu la kabureta lililorekebishwa mjini Kampala, penye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, likipelekwa Kabale, karibu mita 2,000, hukuta hewa nyepesi zaidi lakini huendelea kuvuta mafuta kwa kipimo kile kile. Matokeo yake ni moshi mweusi, nguvu kidogo na tangi linaloshuka. Kumlinganisha dereva wa milima ya Kigezi na mwenzake wa nyanda tambarare za Soroti ni kumdhulumu.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya gharama. Gari lijazwe mpaka shingo ya tangi, liendeshwe kilomita 200 zilizohesabiwa kwa mbao za barabarani au kwa simu yenye kusoma setilaiti, kisha lirudi kwenye pampu ile ile, lisimame pale pale na kujazwa tena. Afisa na dereva wawemo wote wawili. Likirudi, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo moto kupita wenzake lina breki iliyoshika, na breki iliyoshika hula mafuta mchana kutwa bila kupiga kelele. Upepo wa tairi upimwe asubuhi zikiwa baridi. Baada ya hayo ndipo fundi aguse pampu na nozeli, maana huko ndiko fedha nyingi huanza kutoka.

Wako watakaosema kwamba namtetea mwizi. La. Mwizi wa mafuta hustawi katika gari ambalo hakuna ajuaye kiasi linachotumia, kwa kuwa kila pungufu ana jina la kuupa: leo nozeli, kesho mlima. Gari likishapimwa, mbele ya mashahidi, kisingizio hicho kimekwisha, na yule anayeuza jerikeni usiku atabaki peke yake na hesabu yake.

Napendekeza basi kwamba kila badiliko, liwe la tairi, injini au bodi, liandikwe katika kitabu cha gari siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, sahihi ya aliyeliamuru, na kipimo kipya cha mafuta kilichopatikana barabarani. Dereva mpya anayekabidhiwa funguo asomewe ukurasa huo kabla ya kutia sahihi yake.