Kadi ya zaka na jeneza la bibi

Nimerudi chuo juzi toka Karagwe. Basi limenivunja mgongo, ila kilichoniuma sio safari.

Nilienda kumzika bibi. Huyu bibi kafagia kigango chetu mpaka magoti yakagoma. Kaburi limeshachimbwa migombani, watu wamekaa, kiongozi mmoja wa jumuiya akaomba kadi ya zaka. Miaka miwili haina mhuri! Tukaambiwa tulipe deni kwanza, ndo katekista aje. Baba mdogo akaenda kuuza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Sala zikaanza saa kumi na moja jioni.

Sasa darasani tunasoma Uingereza ya Malkia Victoria. Kule parokia za vijijini zilitoza kodi ya kanisa hata kwa wanaosali kwingine. Ukigoma, vyombo vyako vinabebwa. Ikabidi Bunge lifute ulazima huo mwaka 1868. Na mpaka 1880 mtoto aliyekufa bila ubatizo alizikwa kwenye uwanja wa kanisa bila ibada. Prof alipomaliza, darasa likacheka ushamba wa Wazungu. Mimi sikucheka.

Jamani, jumuiya ndogo ndogo hazikuanzishwa ziwe ofisi ya mapato. Karagwe na Kyerwa zilikuwa chini ya Jimbo la Rulenge kabla ya Jimbo la Kayanga kuundwa 2008, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alihamia kuishi na wanakijiji wa ujamaa Nyabihanga. Alitaka majirani wajuane shida zao. Jumuiya inayomjua bibi kwa deni tu, hiyo imemjua nini?

Najua mtaniambia paa la kanisa halijengwi kwa sala. Kweli, na mimi nachangia. Lakini mdai mtu akiwa hai, nenda kwake umuulize kwa nini halipi. Mngeenda mngekuta bibi hana hata sabuni. Kusubiri jeneza ndo uonyeshe daftari, huko ni kuwakaba wafiwa.

Halafu hata sheria ya Kanisa haiko upande wao. Kanuni ya 1181 ya mwaka 1983 inataka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Someni wenyewe, kisha mkaisome kwa sauti kwenye jumuiya zenu likizo ijayo. Mimi nitaanza na ya kwetu.

Nawasilisha.