Kujua ni Kimoja, Kusomesha ni Kingine

Najua wapo watakaokunja uso wakiona kwamba leo nazungumza juu ya Mayahudi. Nawaomba wanivumilie. Siasa ina siku yake. Leo mada yangu ni mwalimu, nasi tumefunzwa kuiokota hekima popote tuionapo.

Mjini Kraków, nchini Poland, alizaliwa mwaka wa 1883 mwanamke aitwaye Sarah Schenirer. Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Zama hizo wavulana wa Kiyahudi walipelekwa vyuoni kusoma Taurati na sharia zao. Wasichana walikwenda skuli za serikali, wakatoka wamehifadhi mashairi ya Kipoland huku maana ya sala zao hawaijui. Jambo hili lilimsononesha.

Mwaka wa 1917 bibi huyu alifungua darasa la wasichana 25, likaitwa Bais Yaakov, yaani Nyumba ya Yaakub. Miji mingine nayo ikaomba skuli. Je, walimu watoke wapi? Mwanzo aliwatuma wanafunzi wake, ambao wenyewe walikuwa wasichana wadogo. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba kuipenda dini peke yake hakutoshi. Ndipo kikaanzishwa chuo cha ualimu, naye Dkt. Leo Deutschländer wa Ujerumani akasaidia kupanga mafunzo. Walimu wakasoma Taurati na historia yao, na pamoja na hayo wakasoma tabia za watoto na njia za kusomesha. Mwaka wa 1931 chuo kikapata jengo lake. Bibi huyo alifariki mwaka wa 1935. Wanazi walipoivamia Poland mwaka wa 1939, skuli zile zilikuwa zaidi ya 200. Zilifungwa, na walimu na wanafunzi wengi wakauawa. Lakini walimu waliosalimika walizifufua ng'ambo, na zipo hadi leo.

Sasa nirudi kwetu. Mwalimu wangu wa chuo, Mungu amrehemu, alikuwa bahari ya elimu. Lakini hakuna aliyemfunza namna ya kumfahamisha mtoto mzito. Asiyefahamu alipigwa bakora. Dada yangu alikimbia chuo kabla ya kumaliza juzuu ya tatu. Leo ni nyanya mwenye wajukuu, na angali akiuona msahafu huikumbuka bakora kwanza. Kosa hilo ni la nani?

Si kwamba tumelala kabisa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alihimiza elimu ya wasichana katika gazeti lake la Al-Islah tangu miaka ya 1930. Tena miaka ya 1980 ulianza Mombasa mpango wa madrasa za watoto wadogo, ambao uliwafunza ualimu wanawake wa mitaani. Lakini katika vyuo vyetu vingi, mwalimu anapoajiriwa huulizwa amesoma kwa nani; haulizwi amefunzwa wapi kusomesha.

Tunachanga kwa ajili ya minara na mazulia, na ni jambo jema. Basi kila kamati ya msikiti na itenge fungu la kumfunza mwalimu mmoja kila mwaka. Zulia huchakaa. Mwalimu mzuri huzaa walimu wengine. Na asiyefunzwa na mamaye, wazee wametuambia, hufunzwa na ulimwengu.