MOTO HAUMNGOJI BALOZI WA NYUMBA KUMI

Kijana wa Manundu, jibu bila kigugumizi: nyumba unayolala ni namba ngapi, barabara gani? Kama umeanza kuangalia dari, tahariri hii ni yako.

Miaka nenda miaka rudi, mgeni akitafuta nyumba katika miji yetu huulizia balozi wa nyumba kumi, au huambiwa "kata kushoto kwa muuza chipsi, halafu uliza". Kwa mgeni wa harusi inatosha. Kwa gari la zimamoto saa nane za usiku, hiyo ni hukumu ya kifo. Muuza chipsi keshafunga, balozi kalala, na moto haumngoji mtu.

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi. Nguzo zikasimikwa, namba zikabandikwa milangoni. Kazi njema, hatuibezi. Tunachouliza ni hiki: sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, nani alirudi kukagua? Nguzo ikigongwa na lori, nani huisimamisha? Nyumba mpya ikijengwa, namba yake hutoka lini?

Hapa kila mkubwa ana mlango wake wa kutokea. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Viwanja, vichochoro na vibanda viko mikononi mwa halmashauri. Nyumba ikiteketea, huyu atasema gari limechelewa, yule atasema njia haipitiki. Mlalahoi atabaki na majivu yake.

Katika uchaguzi wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda karibu mitaa yote nchini. Basi safari hii hakuna mpinzani wa kusingiziwa. Wenyeviti wa mitaa wachukue futi kamba, wapime vichochoro. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu. Pasipopita, wananchi waambiwe leo, si siku ya matanga.

Lakini tusijifiche nyuma ya CCM. Nani amemwaga kokoto njiani miezi sita? Nani ameegesha bajaji kwenye kona? Nani amemwita kishoka amvutie waya unaoning'inia usawa wa kichwa? Na zile nondo za dirishani tulizoweka kumzuia mwizi, siku ya moto ni jela ya mwenye nyumba. Acha dirisha moja la kufunguka, na ufunguo wa mlango ukae mahali ambapo kila mtu ndani anapajua. Usimfungie mtoto ukaenda kuangalia mpira.

Moto hauhitaji makubwa. Agosti 2009 wasichana 12 wa Sekondari ya Idodi, Iringa, walikufa bwenini, na mshumaa ndio uliotajwa kuwa chanzo. Mafuta yakiwaka kikaangoni, usimwagie maji. Zima jiko, funika kwa mfuniko. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi wala kiberiti. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje.

Moto ukikuzidi, toa watu kwanza, kisha piga 114. Usipige kelele tu "tunaungua!" ukakata simu. Taja mji, kata, mtaa, barabara na namba ya nyumba. Taja msikiti, kanisa au shule iliyo karibu. Sema kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Andika maneno hayo leo, uyabandike nyuma ya mlango, maana ukipagawa hata jina lako utalisahau.

Nawe wa bodaboda, ramani ya Manundu iko kichwani mwako kuliko kwenye kompyuta yoyote ya Serikali. Moto ukitokea, usikimbilie kushangaa na kuziba njia. Nenda ukasimame barabara kuu, washa taa, ulipokee gari na uliongoze mpaka mlangoni. Wenzako waondoe pikipiki na meza za biashara.

Namba ya nyumba tuliahidiwa, na njia ni haki yetu. Tuwadai wakubwa bila woga. Lakini zile kokoto pale mlangoni kwako hazingoji mkutano wa hadhara. Zitoe leo.